Kubadilisha Tiketi ya Onesho Dar es Salaam: Mwongozo kwa Anayetozwa Ada

Miaka michache iliyopita kikundi chetu cha akina mama tisa, majirani wa Sinza ambao kila mwezi huchangishana ili kwenda kuangalia onesho moja la jukwaani, kilinunua tiketi za tamthilia iliyokuwa ichezwe Ijumaa na Jumamosi katika ukumbi mmoja hapa jijini. Kila tiketi ilikuwa shilingi 20,000, na mimi ndiye niliyekusanya michango na kulipa. Jumatano usiku mmoja wetu alifiwa na baba yake, mazishi yakapangwa Ijumaa alasiri, na hakuna aliyekuwa tayari kukaa ukumbini jioni ya siku ambayo mwenzake amezika. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye dirisha la tiketi kuomba tuhamishiwe Jumamosi. Binti aliyekuwa zamu aliniamkia, akanipa pole ya msiba, kisha akanieleza kwamba kila tiketi inatozwa shilingi 5,000 ya kubadilisha tarehe. Nililipa shilingi 45,000 bila kuuliza swali hata moja, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi msibani.

Jumamosi tulipofika tulikuta safu za nyuma ziko tupu. Mpwa wangu, ambaye aliuona mchezo ule Ijumaa, alikuwa ameshanisimulia kwamba siku ile watu walifurika hadi wakaongezewa viti vya plastiki, na kwamba mlangoni tiketi ziliuzwa shilingi 30,000. Nafasi zetu tisa za Ijumaa zilipata wanunuzi wengine kwa bei ya juu zaidi, nafasi tulizokalia Jumamosi zisingekaliwa na mtu, na bado watu waliotoka msibani walilipishwa shilingi 45,000 juu ya 180,000 walizokwisha kutoa. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Tangu siku hiyo nimejifunza namna ya kuuliza, kuandika na kudai, na mara kadhaa kikundi chetu kimehamishiwa tarehe nyingine bila kutozwa chochote au kwa kutozwa kiasi kidogo tu. Nimeandika hatua hizo hapa ili atakayefikwa na hali kama yangu awe na maswali mkononi.

Elewa kwanza ada hiyo inalipia nini

Tiketi ya onesho haifanani na kitenge, ambacho ukikirudisha dukani kesho yake kinauzwa kwa mteja mwingine. Nafasi ya ukumbini ina thamani hadi onesho linapoanza, na baada ya hapo thamani hiyo imekwisha, kama samaki wa soko la Feri aliyekutwa na jua la mchana mezani bila mnunuzi. Ndiyo maana hata katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako mtu anayenunua kwa njia ya mtandao hupewa siku 14 za kughairi manunuzi mengi, sheria imeziweka kando huduma za burudani zenye tarehe maalumu. Mwandaaji anayesita kubadilisha tiketi ana sababu ya msingi, na anayekwenda kumwomba hufika mbali zaidi akianza kwa kuitambua sababu hiyo.

Gharama za mwandaaji ni za aina mbili, na ukizichanganya utashindwa kujadiliana naye. Ya kwanza ni gharama ya kazi: kuna mfanyakazi anayefuta tiketi ya zamani na kutoa mpya, na pale tiketi zinapouzwa kwa mfumo wa mtandaoni, mwenye mfumo mara nyingi hukata kiasi fulani kwa kila tiketi inayotoka, mbali na makato ya kampuni ya simu. Gharama hii ni ndogo, na haibadiliki kwa kuwa umekuja mapema au umechelewa. Ya pili ni hatari ya nafasi kupotea: ile unayoiachia huenda ikakosa mnunuzi, na ile unayoihamia huenda ingenunuliwa na mtu mwingine. Hatari hii hukua kadiri onesho linavyokaribia. Wiki mbili kabla karibu haipo, na saa moja kabla inaweza kufikia bei nzima ya tiketi.

Kwa hiyo ada ya haki ni ile inayofuata hasara. Mwandaaji anayetoza kiasi kile kile kwa aliyekuja wiki mbili kabla na kwa aliyekuja saa mbili kabla hajapima hasara yoyote; amepanga bei ya kosa la mteja. Hilo ndilo unalopaswa kulishikilia katika mazungumzo yote yatakayofuata, kwa upole lakini bila kulegea.

Hapa Dar es Salaam kuna jambo jingine linalompa mteja nguvu zaidi. Katika maonesho mengi ya mjini kwetu tiketi ya kawaida haina namba ya kiti: aliyewahi hukaa mbele, aliyechelewa hukaa nyuma. Mwandaaji wa namna hiyo anauza idadi ya watu, na hakuna kiti hata kimoja kilichofungwa kwa jina lako. Ukumbi ukiwa haujajaa, kukuhamisha kutoka Ijumaa kwenda Jumamosi ni kupunguza mtu mmoja katika orodha hii na kumwongeza katika ile. Tiketi inapotaja safu na namba hali ni tofauti, kwa kuwa kiti hicho wengine wameshaambiwa kwamba kimechukuliwa, na hoja ya mwandaaji kuhusu ada inakuwa na uzito zaidi.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kulipa

Wengi wetu huanza kusoma masharti siku tunapotaka kubadilisha, na wakati huo tumeshayakubali. Katika matangazo maneno “vigezo na masharti kuzingatiwa” hutajwa kwa kasi mwishoni, na nyuma ya tiketi huandikwa kwa herufi ndogo kwamba fedha hazirudishwi. Angalia kwamba kutorudisha fedha na kutobadilisha tarehe ni mambo mawili tofauti. Tiketi iliyoandikwa “fedha hazirudishwi” haijasema lolote kuhusu kukuhamishia siku nyingine, na mfanyakazi akikujibu kwamba ni kitu kimoja, mwombe kwa heshima akuonyeshe palipoandikwa.

Kabla ya kutuma fedha, uliza kama tarehe inaweza kubadilishwa na hadi saa ngapi kabla ya onesho. Uliza kama kuna ada, na ni kwa kila tiketi au kwa muamala mzima, kwa sababu kwa familia au kikundi tofauti hiyo ni kubwa kuliko kiwango chenyewe: shilingi 5,000 kwa muamala ni nauli, ilhali shilingi 5,000 mara tisa ni tiketi mbili mpya na chenji juu. Uliza pia kama tiketi inaweza kutumiwa na mtu mwingine. Maswali haya yaulize kwa ujumbe wa maandishi hata kama utanunua dirishani, ili majibu yabaki kwenye simu yako.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wanahangaika na ada zinazochomoza mwishoni. Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inawalazimu wauzaji wa tiketi za maonesho ya moja kwa moja kuonyesha tangu mwanzo bei kamili yenye ada zote za lazima. Uingereza ilipiga marufuku mtindo wa kuongeza ada za lazima hatua kwa hatua kuanzia Aprili 2025, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2024. Hata hivyo kanuni hizo zinagusa ada ambazo kila mnunuzi lazima azilipe. Ada ya kubadilisha humkuta yule tu aliyepata dharura, na ndiyo sababu hubaki imejificha na kumfikia mtu akiwa katika hali ambayo hawezi kubishana.

Jambo la kuiga kutoka huko ni hili: kumbi nyingi za Marekani humruhusu mteja aliyelipia msimu mzima kubadilisha tarehe bila ada, huku mnunuzi wa tiketi moja akitozwa. Kikundi chetu hakijawahi kuuziwa tiketi ya msimu, lakini hoja yenyewe tumeitumia. Tulimwandikia mwandaaji mmoja kwamba tunaleta watu tisa karibu kila anapoweka mchezo, tukaomba badiliko moja kwa kila onesho bila malipo endapo tutatoa taarifa siku mbili kabla, naye alikubali kwa maandishi. Mwenye ukumbi au mwandaaji anayewathamini wateja wa kudumu hana sababu ya kulikataa ombi la aina hiyo.

Hatua ya pili: tunza ushahidi tangu siku ya kununua

Ujumbe wa muamala wa simu usiufute. Una kumbukumbu namba, saa, kiasi na jina la aliyepokea, na jina hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana mara nyingine fedha huingia kwa mtu au kampuni tofauti na ile iliyotajwa kwenye tangazo. Piga picha ya tangazo lenyewe siku unayonunua, likionyesha bei, tarehe na masharti, kwa kuwa matangazo ya mitandaoni huhaririwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo mazungumzo yako ya WhatsApp na mwandaaji yana uzito kisheria.

Dai pia risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi. Mamlaka ya Mapato imetuhimiza kwa miaka mingi kwamba ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, na wengi tunakumbuka wito huo dukani tu.

Hatua ya tatu: tambua unachoomba

Neno “kubadilisha” linabeba maombi ambayo gharama zake hazifanani, na ni vizuri useme wazi unalotaka. Kuhama tarehe kunawezekana tu pale onesho linaporudiwa, kama tamthilia inayochezwa siku kadhaa mfululizo. Matamasha mengi makubwa ya hapa mjini, ya muziki na ya taarab katika kumbi kama Diamond Jubilee au Mlimani City, ni ya usiku mmoja, na mwenye tiketi ya usiku huo hana Jumamosi ya kuhamia. Huyo anachoweza kuomba ni kuwekewa thamani ya tiketi yake kwa onesho lijalo la mwandaaji yule yule. Akikubaliwa, aandikiwe kiasi na muda wa mwisho wa kukitumia, kwa sababu ahadi ya mdomo kwamba “utaingia bure mara nyingine” husahaulika mara tu msimamizi mwingine anapokaa mlangoni.

Kupanda daraja, kutoka kawaida kwenda viti vya mbele, kusiwe na ada nyingine zaidi ya tofauti ya bei, maana mwandaaji anapata fedha zaidi. Kushuka daraja ni kugumu, na mara nyingi tofauti hairudishwi. Kubadilisha jina la mwenye tiketi ndilo ombi jepesi kuliko yote: kiti hakihami, fedha haihami, na sijaona sababu ya kulitoza zaidi ya gharama ndogo ya kutoa tiketi upya.

Hatua ya nne: wahi, na ueleze kwamba umewahi

Ukishajua kwamba hutaweza kwenda, toa taarifa saa hiyo hiyo, hata kama bado hujui unataka tarehe ipi. Kila saa unayoiongeza kati ya taarifa yako na onesho ni saa ambayo mwandaaji anaweza kuiuza nafasi yako. Tumezoea kungoja tukidhani huenda mambo yatakaa sawa, kisha tunapiga simu jioni ya onesho, na hapo tunakuwa tumemnyima mwandaaji fursa na tumejinyima hoja. Mara zote ambazo kikundi chetu kimehamishwa bila ada, taarifa ilifika zaidi ya siku moja kabla.

Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, wahi hata kabla ya dharura. Anayetoka Magomeni au Kimara kwenda mjini anajua kwamba mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani hujaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na mwendokasi husimama. Onesho likiendelea kama kawaida na wewe ukakwama njiani, kwa masharti yaliyo mengi hasara ni yako. Lakini ujumbe uliotumwa saa kumi jioni, ukiwa na picha ya maji barabarani, husikilizwa tofauti na malalamiko ya kesho yake asubuhi, wakati mwandaaji ameshakuhesabu miongoni mwa waliopuuza kuja.

Hatua ya tano: omba kwa maandishi, kisha nenda dirishani

Andika ujumbe mfupi wenye kila kitu ambacho mwandaaji anakihitaji ili akubali. Huu ndio muundo ninaoutumia, na unaweza kuubadilisha kulingana na hali yako:

“Ndugu mwandaaji, salaam. Nilinunua kwenu tiketi tisa za kawaida za onesho la Ijumaa, jumla shilingi 180,000, kwa muamala wenye kumbukumbu namba ifuatayo. Kwa sababu ya msiba uliotupata, tunaomba kuhamishiwa onesho la Jumamosi katika daraja lile lile. Tunatoa taarifa hii zaidi ya saa 30 kabla ya onesho ili nafasi zetu ziweze kuuzwa kwa wengine. Tunaomba mtufahamishe kama Jumamosi kuna nafasi, kama badiliko hili lina ada, na kama lina ada, ni kiasi gani kwa muamala mzima. Masharti tuliyoyaona wakati wa kununua hayakutaja ada ya kubadilisha. Tutashukuru kupata jibu leo kwa maandishi.”

Sentensi ya masharti iandike tu kama ni ya kweli. Kama ada ilitajwa na ukaiona, kubali kwamba iliandikwa, kisha omba ipunguzwe kwa sababu umewahi. Utasikilizwa vizuri zaidi kuliko ukijifanya hukuiona.

Ukifika dirishani, kumbuka kwamba anayekuhudumia hakupanga ada, na mara nyingi atakatwa mshahara akiisamehe bila ruhusa. Mtu wa umri wangu huamkiwa shikamoo, nami hujibu marahaba na kumpa pole ya kazi kabla ya kutaja shida yangu, kisha humwomba hivi: “Mwanangu, najua wewe huna mamlaka ya kuondoa ada hii. Nisaidie kumpigia msimamizi wako, au nipe namba yake nizungumze naye mwenyewe.” Kijana anayezungumza na kijana mwenzake atasema kwa namna yake, lakini ombi liwe lile lile: kumfikia mwenye uamuzi. Ukifokea dirisha, msimamizi atapelekewa taarifa kwamba kuna mteja mkorofi, na ombi lako litakuwa limekataliwa kabla hajalisikia.

Ukishampata msimamizi, uliza maswali mawili ambayo mimi sikuyauliza siku ile. La kwanza: je, nafasi ninazoziachia mnatarajia kuziuza tena? La pili: je, onesho ninalohamia limejaa? Akijibu kwamba Ijumaa inaelekea kujaa na Jumamosi kuna nafasi, yeye mwenyewe ameshasema kwamba hapati hasara, na hapo pendekeza ulipie gharama ya kazi tu. Akijibu kinyume, kwamba Ijumaa tiketi hazitoki na Jumamosi watu wanagombania, basi hasara yake ni ya kweli, na mimi katika hali hiyo ningelipa ada yake bila kinyongo.

Ikiwa ada itabaki

Pima kabla ya kulipa. Ada ikifikia nusu ya bei ya tiketi, mara nyingi ni nafuu kumpa au kumuuzia mtu mwingine tiketi ya zamani kwa bei uliyonunulia, kisha ukanunua mpya. Lakini ulinde msimbo uliomo kwenye tiketi ya simu, yaani ile alama inayosomwa na mashine mlangoni. Msimbo ukisambazwa kama picha, wa kwanza kuupitisha mlangoni ndiye anayeingia, na wa pili hurudishwa hata kama ndiye aliyelipa. Usiuweke kwenye kundi la WhatsApp pamoja na tangazo la kuuza. Mwombe mwandaaji abadilishe jina, au mkutane na mnunuzi mlangoni na uhakikishe ameingia kabla hamjaagana.

Ukiamua kulipa ada, dai risiti ya ada hiyo peke yake, ikiandikwa kwamba ni ya kubadilisha tarehe. Nimeshuhudia ada ikifutwa mara tu risiti ilipodaiwa, kwa kuwa mwandaaji alikuwa hajui kabisa kwamba inatozwa. Usiitume ada kwenye namba binafsi ya mfanyakazi. Tumia lipa namba ile ile uliyolipia tiketi, na kabla ya kuthibitisha soma jina linalotokea kwenye simu.

Huwa naulizwa kama sheria inazuia ada kubwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 74, inasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Mteja anayeomba kubadilisha tarehe hajavunja mkataba, anaomba mkataba urekebishwe, kwa hiyo kifungu hicho hakimgusi moja kwa moja. Hata hivyo mantiki yake, kwamba malipo yafuate hasara, ni nzuri kuitaja katika barua, na waandaaji walio makini huielewa.

Mwandaaji akibadilisha yeye, wewe hulipi

Hapa ndipo ninapoona watu wakionewa waziwazi. Onesho likiahirishwa, likihamishwa ukumbi, au msanii aliyetangazwa kuwa ndiye mkuu akiondolewa, aliyebadilisha ni mwandaaji, na mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Kumtoza mteja ada ya kuhamia tarehe mpya ambayo hakuichagua hakuna msingi. Unayo haki ya kukataa tarehe hiyo na kuomba fedha zako, na maneno “fedha hazirudishwi” yaliandikwa kwa ajili ya mteja aliyeghairi, hayamlindi muuzaji ambaye hakutoa alichokiuza. Omba urudishiwe kiasi kamili ulicholipa, na mkubaliane mapema nani atabeba makato ya kukurudishia kwa simu, maana bila makubaliano hayo shilingi 20,000 hufika ikiwa pungufu.

Maonesho ya Idd yana utata wake. Taarab ya Idd Mosi hutangazwa kabla mwezi haujaandama, na tarehe inaweza kusogea kwa siku moja. Soma tiketi imeandikwa nini. Ikiwa imeandikwa “Idd Mosi” bila tarehe, umenunua sikukuu, na onesho linaufuata mwezi. Ukiwa na safari siku ya pili yake, wewe ndiye utakayeomba kuhama. Ikiwa imeandikwa tarehe, kisha onesho likasogezwa, aliyesogeza ni mwandaaji. Mimi huwauliza waandaaji jambo hili kabla ya mfungo kuanza, na majibu yao nayatunza.

Ukikataliwa bila haki

Mwandikie mwandaaji barua au baruapepe, ueleze kilichotokea kwa tarehe, uambatanishe ushahidi na umpe siku saba za kujibu. Mpelekee nakala mwenye ukumbi, ingawa mara nyingi atakujibu kwamba yeye alikodisha ukumbi tu. Nakala hiyo humgusa kwa sababu hapendi jina la ukumbi wake lihusishwe na malalamiko. Siku saba zikipita bila jibu, chagua mlango unaohusika na tatizo lako. Tume ya Ushindani husimamia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo inakataza mwenendo wa kupotosha wateja, kwa hiyo ada iliyofichwa au tangazo lililosema jambo lisilo la kweli ni mambo ya kupeleka huko. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, hutoa vibali vya matukio ya sanaa, na mwandaaji anayetegemea kibali kwa onesho lake lijalo hulijibu haraka swali linalotoka huko. Kama tatizo ni muamala wenyewe, kwa mfano fedha zilikatwa na tiketi haikuja, anza na kampuni ya simu, na usiporidhika peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania.

Siku ya kuingia kwa tiketi iliyobadilishwa

Tiketi mpya ikishatoka, hakikisha ina tarehe mpya, daraja sahihi na msimbo tofauti na wa kwanza. Ukiona msimbo ni ule ule, uliza kama mfumo umesasishwa, kwa kuwa huenda mashine ya mlangoni bado inakutambua kama mtu wa Ijumaa. Fika mapema kidogo kuliko wengine. Beba tiketi zote mbili, risiti ya ada kama ulilipa, na ujumbe wa msimamizi ukiwa tayari kwenye simu yenye chaji. Kama mko kikundi, aliyefanya muamala aingie wa mwisho, asimame karibu na mlango hadi wenzake wote wapite, ili mmoja wao akizuiwa awepo mtu mwenye kumbukumbu zote wa kuzungumza na msimamizi kabla onesho halijaanza.